Mkono Mzuri ni Upi?

Jioni moja mwezi uliopita binti yangu wa miaka 6 alirudi nyumbani Umoja, hapa Nairobi, na shajara yake ya shule. Ndani yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mzazi, tafadhali mzoeshe mtoto kuandika na mkono mzuri." Nilipoinua macho, mwenyewe alikuwa mezani akimalizia zoezi la herufi. Kiwiko kimetoka nje ya meza, kifundo cha mkono wa kushoto kimepinda juu ya mstari kama shingo ya korongo, na kila alipomaliza neno ubavu wa kiganja ulipita juu yake. Kuanzia kidole cha mwisho hadi kifundoni mkono ulikuwa mweusi kwa penseli. Herufi zenyewe zilikuwa nzuri, zimekaa sawasawa juu ya mstari, ila zote zilikuwa na ukungu wa mkono uliozifuata.

Simlaumu mwalimu yule. Ana watoto zaidi ya 50 na madawati ya kukaa watatu watatu. Lakini lile neno "mzuri" lilinikaa rohoni, kwa sababu nililisikia mara ya kwanza nikiwa na umri kama wake. Mimi nilizaliwa na shoto. Katika shule niliyosomea huku Eastlands, rula iliniangukia kwenye vidole hadi penseli ikahamia kulia, na huko imebaki. Leo naandika kwa kulia. Viazi namenya kwa kushoto, msumari napigilia kwa kushoto, ugali nasonga kwa kushoto, na kikombe kikiteleza mezani mkono unaotangulia kukidaka ni wa kushoto.

Kwa miaka mingi nimesoma kila ninachopata kuhusu akili za watu wa shoto na za watu wa kulia, na naona ubishi wetu unafanyika mahali pasipo penyewe. Kuna wanaoamini kwamba mashoto ana kasoro ya kurekebishwa. Kuna wanaoamini kwamba ana kipaji ambacho wengine hawana, na hao ndio wanaosambaza kwenye simu zile orodha za mashoto mashuhuri. Pande zote mbili zinapima kiwango cha akili, nani anacho zaidi na nani anacho pungufu. Tofauti yenye uzito iko kwenye wepesi. Mkono unaotenda kwa wepesi huifundisha akili nini ni chema, nini ni rahisi, nini ni chake. Ukimnyang'anya mtoto mkono huo hujamrekebisha akili. Umemwongezea mzigo wakati ule ule anapojifunza kusoma na kuandika.

Watu wenyewe si wachache. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za watu zaidi ya milioni 2, ukakadiria kuwa asilimia 10.6 ya binadamu wana shoto, wanaume wakiwazidi wanawake kidogo. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 4,397,073 jijini Nairobi. Tukitumia kipimo hicho, tunazungumzia watu zaidi ya 400,000 hapa mjini, na watoto kama watano katika darasa la 50. Ukiingia darasani ukakuta mmoja tu anaandika kwa kushoto, jiulize wale wengine walikwenda wapi.

Kuhusu ubongo wenyewe, hadithi inaanzia Paris. Mwaka 1861 daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka neno ila "tan". Alipofariki, Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ya ubongo wake, na kufikia 1865 akatangaza kwamba tunazungumza kwa nusu ya kushoto. Kwa kuwa nusu hiyo ndiyo inayouendesha mkono wa kulia, watu walikata shauri haraka: basi mtu wa shoto lazima awe kinyume chake, kama sura kwenye kioo.

Si hivyo hata kidogo. Mwaka 2000 watafiti nchini Ujerumani walipima mtiririko wa damu kwenye bongo za watu wazima wenye afya huku wakitafuta maneno kichwani. Kati ya wale wa kulia kabisa, asilimia 4 walitumia zaidi nusu ya kulia ya ubongo kwa lugha. Kati ya wale wa shoto kabisa, asilimia 27. Kwa maneno mengine, watu wa shoto walio wengi, kama saba katika kila kumi, huzungumza kwa nusu ile ile ya kushoto anayoitumia jirani yao wa kulia. Kilichozidi kwao ni aina za mpangilio. Matatu nyingi za kutoka mjini kuja kwetu Umoja hupitia Jogoo Road, na chache huzunguka na Outer Ring. Abiria wote wanashuka Umoja, na ukimkuta mtu amefika nyumbani huwezi kujua alipitia wapi kwa kumtazama usoni.

Hapo ndipo yale maneno ya "mtu wa ubongo wa kulia, msanii" na "mtu wa ubongo wa kushoto, mwanahesabu" yanapoporomoka. Roger Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi yake juu ya wagonjwa ambao nusu mbili za ubongo wao zilikuwa zimetenganishwa kwa upasuaji, na kazi hiyo ilikuwa ya kweli na ya maana. Watu wakaichukua wakaifanya utabiri wa tabia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za bongo za watu zaidi ya 1,000 na hawakuona mtu anayetumia nusu moja zaidi kuliko nyingine kwa ujumla wake. Sote tunatumia zote mbili.

Na kiwango cha akili? Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta watu wa kulia wako mbele kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa mtu mmoja mmoja. Kuna utafiti mwingine ambao haunifurahishi, na kwa sababu hiyo sitaupita kimya. Mwaka 2014 mwanauchumi Joshua Goodman, akitumia takwimu za Marekani na Uingereza, alionyesha kwamba kwa wastani watu wa shoto hupata alama za chini kidogo katika majaribio ya akili, na mapato yao huwa pungufu kwa asilimia 10 hadi 12. Hakuwakuta wamejaa kileleni kama orodha za kwenye simu zinavyodai. Lakini alikuta jambo jingine: wale wanaoelekea kuwa na shoto kwa kurithi walikuwa na upungufu mdogo zaidi, au hawakuwa nao kabisa. Ninavyosoma mimi, wastani ule unachanganya watoto wa aina mbili. Wako waliorithi shoto kama wengine wanavyorithi pua ya babu, na wako wachache waliopatwa na jambo mapema maishani likawagusa mkono na mengine pia. Kwa hiyo mkono hauwezi kukuambia lolote kuhusu akili ya mtoto aliye mbele yako.

Mkono huchaguliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Huko Belfast watafiti waliwatazama watoto tumboni kwa mashine ya picha wakinyonya kidole gumba, kisha wakawafuatilia 75 kati yao hadi walipofika miaka 10 na zaidi. Wale 60 walionyonya gumba la kulia wote walikuwa wa kulia. Kati ya 15 walionyonya la kushoto, 10 walikuwa na shoto. Jeni zinahusika, tena nyingi, kila moja ikichangia kidogo sana, na mapacha wa kufanana kabisa wanaweza kutofautiana mkono. Mtoto anapofika chekechea, uamuzi huo una umri wa miaka mingi kuliko ufito wa mwalimu.

Sasa nirudi kwenye neno "mzuri", kwa kuwa hapo ndipo penye kiini.

Sikiliza lugha yetu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, jina limetoka kwenye kula. Jina lake jingine ni mkono wa kuume, wa kiume, na mwenzake akaitwa mkono wa kike. Ukimpa mtu noti kwa kushoto atasita kuipokea, na mzee wa makamo atakwambia waziwazi, "Nipe na mkono mzuri." Mtoto wa shoto hukua ndani ya lugha inayomwambia kwamba upande wake wenye wepesi ndio upande mbaya. Je, anaamini?

Mwanasaikolojia Daniel Casasanto aliuliza swali hilo kwa njia rahisi sana. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, aliwaonyesha watu mchoro wa mhusika mwenye visanduku viwili, kimoja kushoto na kingine kulia, akawaambia kwamba mhusika huyo anapenda mnyama mmoja na kumchukia mwingine. Waweke kila mmoja katika kisanduku chake. Watu wa kulia, wengi wao, walimweka mnyama mwema upande wa kulia. Watu wa shoto, wengi wao, walimweka mnyama mwema upande wa kushoto. Na hao walikulia ndani ya Kiingereza, lugha ambayo nayo inaita upande wa kulia kwa neno lile lile la "sahihi". Maisha yote lugha imewaambia hivi, mwili ukawaambia vile, na walipoulizwa bila kujua wanaulizwa nini, wakaufuata mwili.

Kisha yeye na mwenzake wakafanya jambo lililonifanya niweke karatasi chini na kutazama mikono yangu. Waliwachukua watu wa kulia, wakawavisha glavu nene ya barafuni kwenye mkono mmoja, wakawapa kazi ya kupanga vipande vya domino kwa dakika kama 12. Waliovishwa glavu mkono wa kulia, yaani waliofanywa wazito upande wao wa kila siku, walianza kuuona upande wa kushoto kuwa mwema. Dakika 12 tu za kubadilisha wepesi, na akili ikafuata. Casasanto alitazama pia midahalo ya urais Marekani. Barack Obama na John McCain, walioshindana mwaka 2008, wote wawili walikuwa wa shoto, na walipotamka mambo mazuri mkono wa kushoto ndio uliopanda zaidi. George W. Bush na John Kerry, watu wa kulia, kinyume chake.

Hii ndiyo tofauti ya kiakili ninayoiamini, kwa sababu inapimika na inaeleweka chanzo chake. Haimpi mtu akili nyingi wala haimpunguzii. Inaonyesha kwamba hukumu zetu ndogo ndogo, kipi kizuri, kipi kinaaminika, zimeshikamana na mkono unaotutii. Basi fikiria mtoto anayevalishwa glavu hiyo na mwalimu wake, si kwa dakika 12, kwa miaka minane.

Mimi ni mmoja wao, na najua kwamba mkono wa zamani hauondoki. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walipiga picha bongo za watu wazima waliozaliwa na shoto wakalazimishwa utotoni kuandika kwa kulia. Walikuwa wameandika hivyo kwa miongo. Hata hivyo, walipoandika kwa mkono wa kulia, nusu ya kulia ya ubongo, ile inayoongoza mkono wa kushoto, iliendelea kushughulika katika sehemu zinazopanga miendo, jambo ambalo halikuonekana vile kwa waliozaliwa wa kulia. Mkono umehamishwa, mpangaji amebaki kwake. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini hadi leo, nikiandika kwa muda mrefu, bega langu la kushoto ndilo linalokaza.

Wapo watakaoniambia kwamba mikono hufundishika, na ni kweli. Kila dereva wa Nairobi hubadilisha gia kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa usukani wetu uko kulia, na hakuna aliyeshindwa. Lakini gia ni ishara nne au tano zinazorudiwa. Mwandiko ni maelfu ya miendo midogo inayofungwa na lugha, tahajia na fikra kwa wakati mmoja, na mtoto anapewa ajifunze yote pamoja kwa mkono usio wake. Na heshima ni jambo jingine. Binti yangu anampa shosho yake kikombe cha chai kwa mkono wa kulia na ataendelea kumpa hivyo. Inachukua sekunde mbili na haimgharimu kitu. Penseli anaishika saa nzima.

Mzigo huo huonekana vizuri zaidi kwenye kazi. Gikomba kuna fundi mmoja wa nguo za vitenge, mwanamke wa shoto, ambaye mke wangu humpelekea kazi. Siku moja nilisimama mezani pake nikamtazama akikata. Mkasi wa kawaida umetengenezwa hivi: ukiushika kwa kulia, kidole gumba husukuma kwenda nje na vidole vingine huvuta ndani, na nguvu hiyo hubana makali mawili yagusane. Ukiushika kwa kushoto, nguvu ile ile huyaachanisha, na kitambaa hujikunja katikati badala ya kukatika. Yeye alikuwa amejifundisha kulivuta gumba ndani, kinyume na linavyotaka lenyewe, na juu ya kiungo chake palikuwa na sugu ya manjano kubwa kama punje ya mahindi. Ukali wa juu ulimfichia mstari wa chaki, kwa hiyo kila baada ya inchi kadhaa aliinamisha kichwa kuchungulia.

"Miaka miwili ya kwanza niliharibu vitambaa vya watu," aliniambia bila kuacha kukata. "Aliyekuwa akinifundisha aliniona mzito wa kuelewa, baba. Na mimi nikajiona hivyo."

Alikatwa pesa kwa vitambaa vile. Kwa karatasi za mwanasaikolojia angeandikwa kuwa mwanafunzi wa polepole, na hakuna sanduku ambamo mtu angeandika neno "mkasi".

Kosa la aina hii limewapata hata wanasayansi. Mwaka 1991 watafiti wawili walichapisha habari kwamba watu wa shoto hufa wakiwa na umri mdogo kwa miaka 9 hivi kuliko wengine, kwa kuwa kati ya wazee waliofariki hawakuwapata wa shoto wa kutosha. Bado nasikia watu wakiirudia redioni. Maelezo yalikuwa mepesi na ya kusikitisha: wazee wa shoto hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamebadilishwa mkono shuleni, wakahesabiwa kuwa wa kulia. Nikifariki leo, mimi pia nitahesabiwa huko.

Kuna mahali ambapo mtu wa shoto kweli ana faida, nayo haitoki kwenye akili kubwa. Katika michezo ya kasi, ambamo mpinzani ana sehemu ndogo ya sekunde ya kuamua, wachezaji wa shoto ni wengi kuliko idadi yao mitaani, kwa sababu wapinzani hawajazoea kusoma miendo yao. Wakenya wanaokumbuka Kombe la Dunia la kriketi la 2003 wanamkumbuka Asif Karim akiirushia Australia mpira kwa mkono wa kushoto kule Durban, akachukua wiketi tatu, yaani akawatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio saba tu. Na wasomaji wa Biblia wanamjua Ehudi katika Waamuzi, Mbenyamini mwenye shoto aliyeficha upanga kwenye paja la kulia, upande ambao hakuna aliyefikiria. Ni ugeni tu unaosaidia. Wakiwa nusu kwa nusu, faida hiyo inaisha.

Wanaosema kwamba mila za Kiafrika zote zimeukataa mkono wa kushoto, niwapeleke Meru. Huko alikuwako Mugwe, kiongozi wa kiroho, ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliobeba baraka za watu wote. Aliuficha chini ya vazi, ukishika alama ya madaraka yake, na iliaminika kwamba atakayeutazama angekufa. Bernardo Bernardi, padri na mwanaanthropolojia, aliyaandika hayo katikati ya karne iliyopita. Sisemi kwamba Wameru waliwaruhusu watoto wote kula kwa kushoto. Nasema wazee wetu walikuwa na mawazo mapana zaidi juu ya mkono huu kuliko rula ya shule, na rula yenyewe imepigwa marufuku na sheria tangu 2001.

Mambo yanayohitajika darasani ni madogo, na hayana gharama. Mtoto wa shoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake. Daftari liwekwe kushoto kidogo kwa kifua chake na liinamishwe kuelekea kulia, ili aone anachoandika bila kupinda kifundo. Penseli aishike juu kidogo kuliko wengine. Nilimfanyia hivyo binti yangu usiku ule ule, na katika mistari mitatu ya kwanza kifundo kilishuka chenyewe chini ya mstari. Ukurasa wa pili haukuwa na ukungu.

Nikachukua kalamu, kwa mkono wa kulia niliofundishwa, nikamjibu mwalimu kwenye shajara: "Mwalimu, asante kwa kumjali. Mkono wa kushoto ndio mzuri wake. Naomba umketishe mwisho wa dawati, upande wa kushoto." Nikaongeza mstari kuhusu daftari na mwingine kuhusu mkasi wa kazi za mikono.

Kesho yake jibu lilirudi, safari hii kwa kalamu ya bluu: "Sawa, mzazi. Nimewahamisha watatu. Huo mkasi unapatikana wapi?"

Nimeshauliza maduka ya Biashara Street na River Road, na Jumamosi nitapita Kamukunji. Ukiujua unapouzwa hapa mjini, niandikie. Tunahitaji mitatu ya watoto, na mmoja mkubwa wa fundi wa Gikomba.